Alinizoesha Mwendo wa Uongo

Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi sketi ya shule huku naimba.

Mama akachungulia. "Wee Rosevel, unaimba? Umeota nini?"

Nikacheka tu. Mimi siyo muongeaji, mnaonifuata humu mnajua. Lakini leo ilikuwa siku yangu!

Saa nne nikawa jukwaani, shule nzima inatazama. Timu yetu ya gemu za kupigana kwenye kompyuta ilibakiza nafasi moja, na anayeipata anasomeshwa bure miaka miwili. Mama yangu anauza samaki wakavu hapa Bacolod... mnaelewa.

Mpinzani wangu? Maricar. Shosti wangu tangu tukiwa na meno ya utoto!

Pambano likaanza... nikaanza kuchezea kichapo.

Nakinga, ngumi imeshafika. Naruka, teke limeshanipata. Kila kitu kinakimbia!

"Huyo kalala!" mtu akapayuka nyuma.

"Mwamsheni, wali umepoa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Tatu bila.

Maricar akanikumbatia. "Pole mwaya. Ni woga tu."

Nikamwamini. Jamani, nilimwamini!

Shule ilipoisha nikaenda dukani kwao. Mama yake ana duka la kukodisha kompyuta kwa saa, na sisi nyumbani hatuna, kwa hiyo miezi minne nimefanyia mazoezi palepale. Mashine namba saba. Alinichagulia Maricar mwenyewe.

Nikaanza kucheza... nikashangaa. Mapigo yote yanaingia! Vidole vinajua njia!

"Mama Maricar, mbona leo hii mashine iko poa hivi?"

"Hiyo? Poa wapi, mwanangu! Si ndiyo ile ya hamsini? Maricar kanikataza nisiiguse, eti ndivyo unavyopenda."

"Hamsini ya nini?"

Akaniangalia. Kisha akawasha gemu ileile kwenye mashine namba nane, tukaanzisha pambano kwenye mashine zote mbili kwa pamoja. Saa ya kwenye kioo inahesabu kutoka sitini kurudi chini.

Ya namba nane ikafika sifuri.

Yangu ilikuwa bado kumi!

"Gemu za zamani hizi zinakwenda kwa picha," akasema. "Ya kule ukumbini inatoa picha sitini kila sekunde. Hii imebanwa hamsini. Picha zikipungua, kila kitu kinajivuta. Ngumi, miruko, hata saa yenyewe."

Miezi minne... vidole vyangu vilikariri mwendo ambao ukumbini haupo!

Mlango ukafunguliwa. Maricar. Akaona zile mashine mbili zinawaka pamoja, akaganda palepale na begi mgongoni.

"Kwa nini, Maricar?"

"Siku ya kwanza ulilia, Rose. Ulisema mbio zinakuchanganya, unaacha. Nikakupunguzia ili ujifunze."

"Na baadaye?"



"Baadaye ukaanza kunifunga." Akashusha begi. "Nikawa najiambia kesho nitairudisha. Kesho... kesho..."

"Na wewe, tukiachana, ulikuwa unafanyia wapi mazoezi?"

Akaitupia jicho namba nane.

Mama yake akapiga meza. "Maricar! Si uliniambia mwenzio anajua?"

Sikusubiri jibu. Nikachukua begi langu nikatoka.

Mnajua kinachoniuma? Siku zote nilidhani msaliti anakuja na sura ya adui. Wangu alianza kwa kunionea huruma, kweli kabisa. Sijui tu ni siku gani ile huruma iligeuka. Na mimi siku zote hizo nilikuwa namletea samaki wa mama, namwita mwalimu wangu!

Wenzangu, mkifundishwa kitu, ombeni mwendo wake halisi mapema, hata kama mtalia. Mimi nilifurahia ulaini, sikuuliza. Usipouliza unalainishiwa nini, utakuja kujua siku watu wanakucheka.

Kuongea sijui, kwa hiyo nimemwandikia:

"Kesho nenda kwa mwalimu wa timu, mwambie ukweli kwa mdomo wako. Halafu turudie, sitini kwa sitini. Ukinifunga, nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi."

Meseji ameifungua tangu saa nne usiku. Sasa hivi ni saa saba...

Hajajibu.