Blanketi la Kujifukizia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hilaria alichota maji bombani, kisha akampelekea Bibi Rosina uji. Kijijini kwao Mpui kuna baridi, na bibi hakuwahi kukosa la kulalamikia: mara uji umepoa, mara mjukuu amechelewa. Lakini wiki moja hakulalamika. Alikohoa tu, na kikombe kikabaki kimejaa.

Ulikuwa mwaka wa korona. Baba yake Hilaria, Mzee Teodori, hakutaka kulisikia jina hilo nyumbani kwake. Alichemsha majani ya mkaratusi, akaweka sufuria chini, wote wakaingia ndani ya blanketi moja kujifukiza: bibi, baba, Hilaria, na jirani yao Evaristi aliyekuja kuwajulia hali. Mle ndani mlikuwa na giza na joto. Kila bibi alipokohoa, Hilaria alihisi pumzi yake usoni. Shuleni walifundishwa kukaa mbali na anayekohoa, lakini angeanzaje kumwambia baba?

"Mtu akiuliza, bibi yako kaenda Milepa kwa shangazi," baba alimwagiza. "Wenzetu wa kule juu walipojulikana wanaumwa, nani alinunua tena maharage yao? Tutakula nini?"

Kesho yake baba akiwa shambani, Nesi Rhoda wa zahanati alipita nyumba kwa nyumba, amevaa barakoa. Alimkuta Hilaria uani akipepeta maharage.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Hapa hamjambo wote? Bibi yuko wapi?"

"Kaenda Milepa," Hilaria alijibu, macho kwenye ungo.

Nesi akaaga, akaondoka. Hilaria alipoingia ndani, alimkuta bibi amekaa kitandani, ameshikilia ukuta, akihangaika kuvuta pumzi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alijaribu kumwita mjukuu wake, jina likamkatikia mdomoni. Hilaria alimwogopa baba, lakini aliogopa zaidi kumpoteza bibi.

Alitoka mbio bila viatu, akamkuta nesi kwenye nyumba ya tatu.

"Nesi, nimekudanganya. Bibi yupo ndani. Hawezi kupumua."

Rhoda hakumgombeza. Alipiga simu, gari la wagonjwa likaja, bibi akapelekwa Sumbawanga mjini kuwekewa oksijeni. Baba aliporudi, alisimuliwa yote. Usiku huo naye alianza kukohoa, na kulipokucha Evaristi hakuweza kuinuka kitandani. Kila simu ilipoita, Hilaria alidhani ni habari ya msiba.

Hatimaye nesi alileta habari nyingine: Evaristi alikuwa na nafuu, na bibi alikuwa anapumua mwenyewe. Baba alivaa barakoa, akasimama mlangoni, akawatangazia majirani waliokuwa barabarani kwamba kwake kuna korona, na yeyote aliyeingia mle ndani aende zahanati. Alitegemea wamkimbie. Wakaenda kupimwa, kisha wakarudi na ndoo za maji, wakaziacha uani.

Baba alizitazama ndoo zile, machozi yakamlengalenga.

"Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia Hilaria. "Nilijua methali hiyo, mwanangu, na bado nilikufundisha kudanganya. Niliogopa maharage yasinunuliwe, nusura nimzike mama yangu. Siku nyingine ukiona mtu anaumwa, sema, hata kama anayekukataza ni mimi."