Bibi, Njoo

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote, wajukuu zangu. Nilikuwa nimefua, kamba imejaa nguo, nami nimekaa barazani nachambua mchele huku namgombeza mtoto kwa ajili ya sketi yake ya shule. Pindo limefumuka lote, linaburuza.

"Iache kitandani," nikamwambia. "Nitaishona baadaye, macho yakikubali." Maana mimi na tundu la sindano siku hizi hatusalimiani.

Mtoto huyo ni wa marehemu mdogo wangu, tuliyefuatana naye ziwa. Ananiita mama mkubwa, na tangu mama yake azikwe, analala kwangu.

Mara mpangaji wangu akatoka chumbani kwake, kavaa kizibao cheusi cha kazini. Kazi yake ni kugawa karata kwenye ule ukumbi mkubwa wa kamari.

"Mama, leo ni fainali," akasema. "Mamia ya watu wameshatolewa. Shemeji yako bado yumo."

"Shemeji yangu? Huyo kwangu alikufa siku alipouza cherehani ya mke wake."

Akacheka. "Basi marehemu wako ana bahati kuliko sisi tulio hai."

Akaenda zake. Nikabaki na mchele wangu, lakini akili haikuwapo kwenye mchele.

Huyo shemeji watu walimwita Turufu. Alikuwa mtu wa karata tangu ujana, maneno matamu, mfuko mtupu. Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani, na ndiye aliyemlisha. Alishona kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mishono yake ya mkono ililala upande ambao mishono ya watu wengine hailali. Uzi hakuukata kwa mkasi hata siku moja. Aliukata kwa meno. Na sindano yake, yenye uzi mweusi, ilikaa ukosini mwa gauni lake mchana na usiku. Nilikuwa namwambia, "Itakuja kukuchoma wewe." Ananijibu, "Dada, hii inamjua wa kumchoma."

Alipougua, alilala chumba cha ndani. Turufu alikaa chumba cha mbele na rafiki zake, karata mezani. Jirani yao, waliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja tu, alinieleza kwenye matanga. Alimsikia mdogo wangu akiita, "Baba wee, njoo." Na Turufu akaitika, "Naja!"

Akaita tena. "Baba wee, njoo, nimeanguka."

"Naja, mke wangu, naja!"

"Mimi nilikuwa nimeshasimama niende," jirani akaniambia. "Nikarudi kukaa. Nikasema, si ameitikwa?"

Hapo ndipo penye sumu. Angenyamaza kimya, jirani angeingia. Lile "naja" lake ndilo lililofunga mlango. Walipokuja kumwona, mdogo wangu alikuwa sakafuni, mkono umenyooshwa kuelekea mlangoni, amekwisha kuwa baridi. Na pale mezani, karata zilikuwa bado zina joto la vidole.

Tulipomwosha, sindano haikuwamo ukosini. Tulikung'uta godoro, tukafagia uvungu, tukiogopa isije ikamchoma mtu. Hatukuiona.

Alikuwa ameniachia neno moja tu: "Cherehani ni ya mwanangu." Arobaini haijafika, Turufu akaiuza apate kiingilio cha hayo mashindano. Nilimfuata mpaka kwake nikamwuliza. Akanitazama usoni bila haya. "Shemeji, nikishinda nitamnunulia mtoto cherehani kumi. Marehemu hashoni."

Nilitema mate kizingitini pake, nikaondoka. Nilitaka alipe, siwafichi, ila sikujua nani wa kumdai.

Sasa sikilizeni. Mchezo wenyewe unaitwa poka. Kila mtu ana karata zake mbili kifuani, na nyingine zinafunuliwa katikati ya meza, na roho za watu zinafunuliwa nazo. Pesa zao ni vibao vya rangi, wenyewe wanaviita chipu. Mimi nilidhani wanacheza kwa chipsi za viazi. Na yule malkia wa karata, sisi tangu zamani tunamwita bibi. Turufu alikuwa na mazoea yake: akimhitaji malkia, anagonga meza kwa pete yake ya ndoa na kusema, "Bibi, njoo!" Miaka yote hiyo, bibi hakuja. Walimcheka mpaka wakachoka.

Lakini bibi ni nani? Bibi ni mke pia. Na huyu wa kwake alikuwa chini ya udongo, anasikia.

Yaliyobaki nimeyapata kwa mpangaji wangu, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Siku ya kwanza ya mashindano, Turufu alibanwa. Akagonga pete. "Bibi, njoo!" Akaja bibi wa kopa. Meza nzima ikaguna. Siku iliyofuata akamwita tena, akaja bibi wa uru. Kisha bibi wa pau. Watu wakaanza kumfuata meza hadi meza, wakimgusa bega ili bahati iwaambukize.

"Turufu, una dawa gani?" wakamwuliza.

"Nina mke mtiifu," akajibu, na kicheko kikapasuka.

Mpangaji wangu hakucheka. Maana kila pete ilipogonga, alisikia kitu chini ya meza. Tak-tak-tak-tak. Kama mtu anakanyaga cherehani. Aliinama kutazama. Palikuwa na viatu vya wachezaji tu.

Fainali ilichezwa mchana kweupe, taa zote zimewashwa. Walibaki wawili: Turufu na mzee mmoja wa miwani myeusi. Vibao vyote vikasukumwa katikati. Karata zikafunuliwa. Mzee alikuwa mbele. Ilibaki karata moja, na ya kumwokoa Turufu ilikuwa moja tu. Bibi wa shupaza. Yule mweusi aliyekuwa hajaja bado.

Turufu akatabasamu. Akagonga pete.

"Bibi, njoo."

Tak-tak-tak-tak.

Kisha kimya.

Mpangaji akagusa karata. Ilikuwa baridi. Baridi kama kigae cha sakafu asubuhi. Akaifunua.

Bibi wa shupaza.

Ukumbi ukalipuka. Watu wakapanda viti. Lakini mpangaji wangu na Turufu walisikia kingine. Mnong'ono, hapo hapo mezani, wa mwanamke aliyekauka koo.

"Nimekuja."

Turufu akainuka. Hakugusa vibao. Hakupokea mkono wa mtu. Jasho lilikuwa likimtoka kama maji. Akaenda msalani kunawa uso, mlango ukajifunga nyuma yake.

Mlinzi wa ukumbi alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Alimsikia Turufu akiita, "Njooni! Jamani, njooni!" Mlinzi akageuka aende. Kabla hajanyanyua mguu, sauti ya mwanamke ikaitika kutoka upande wa ndani, polepole, kwa upole.

"Naja."

Akaita tena, akilia. "Njooni, nimeanguka!"

"Naja, baba wee. Naja."

Mlinzi akarudi mahali pake. Walipomhoji baadaye, alitoa macho tu. "Nikasema, si ameitikwa?"

Kilikuwa choo cha wanaume. Dirisha halikuwepo.

Mimi ndiye ndugu wa karibu aliyepatikana, nikapelekwa hospitali kuutambua mwili wake. Daktari akasema moyo. Sawa, moyo. Lakini mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuelekea mlangoni, na mikono ya shati lake ilikuwa imeshonwa midomo yote miwili, vidole vimebaki ndani, asiweze kushika kitasa. Uzi mweusi. Nikaukaribia mshono mpaka pua ikagusa kitambaa.

Ulilala upande ambao mishono ya watu wengine hailali.

"Unamjua aliyefanya hivi, mama?" daktari akaniuliza.

"Simjui," nikasema. Nikafunika uso wangu kwa kanga. Akadhani nalia.

Nilirudi nyumbani jua bado liko juu. Mtoto alikuwa barazani, kavaa sketi yake.

"Mama mkubwa, ulirudi saa ngapi ukatoka tena?"

"Sijarudi. Kwa nini?"

"Kuna mtu aliniita toka chumbani. Nikaitika abee, nikaenda mbio. Sikumkuta mtu." Akainua pindo anionyeshe. "Nimekuta umenishonea."

Nikapiga magoti. Pindo lilikuwa limezunguka lote, uzi mweusi, mishono midogo midogo, imelalia kushoto. Mwishoni mwake ilikuwa imechomekwa ile sindano tuliyoitafuta godoro zima.

Nikashika ncha ya uzi. Ilikatwa kwa meno, na ilikuwa bado ina mate.