Matairi ya Shemeji Metodi

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Zdravka alimpeleka mama yake hospitalini mjini Smolyan. Figo za Mama Kerana zilikuwa hazifanyi kazi tena, na mashine ya huko ndiyo iliyomsafishia damu. Waliondoka alfajiri wakiwa na mkate, jibini na chupa ya chai. Barabara ilishuka kwa kona nyingi kando ya korongo. Kukosa safari moja kulikuwa hatari. Kukosa mbili kungeweza kumuua.

Majira ya baridi yalipokaribia, Metodi, shemeji yake Zdravka, alimletea matairi manne ya theluji, yakiwa kwenye rimu zake. Yalitoka kwenye gari lake kubwa la zamani. Zdravka aliuliza kama yatafaa kwa kigari chake. Metodi alicheka, akasema boliti zimeingia, basi yamefaa, na tena tairi pana hushika barabara vizuri zaidi. Akayafunga mwenyewe.

Ijumaa theluji ilianguka. Kwenye kona kali Zdravka alikata usukani, akasikia kitu kikikwaruza chini. Usukani ukagoma. Gari likanyoosha kuelekea ukingoni. Alikanyaga breki, likateleza. Mama Kerana alimshika goti. Walisimama bampa ikiwa imegusa kizuizi cha chuma. Ng'ambo ya kizuizi hapakuwa na kitu, ukungu tu.

Walifika hospitalini kwa mwendo wa kobe, na kurudi vivyo hivyo. Jioni Zdravka aliiwaza safari ya Jumatatu. Akatoka nje kulitazama gari.

"Mbona unaliangalia kama mbwa aliyekuuma?"

Alikuwa jirani yake Genoveva, aliyefundisha watu udereva miaka mingi. Zdravka alimweleza yote. Genoveva aliacha utani. Alifungua mlango wa dereva, akamwonyesha kibandiko kwenye fremu yake: 175/65 R14. Kisha akapangusa theluji ubavuni mwa tairi: 195/65 R15.

"Namba ya kwanza ni upana wa tairi," alisema. "Ya pili ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia ngapi ya huo upana. Ya mwisho ni ukubwa wa rimu. Sasa linganisha."

Zdravka alisoma huku na huku. "Haya ni mapana. Na rimu ni kubwa."

"Ndiyo maana ukikata kona yanakwaruza madigadi. Na kipima mwendo kinakudanganya, unakwenda kasi kuliko unavyodhani."

"Lakini shemeji alisema tairi pana hushika zaidi."

"Kwenye theluji laini tairi pana huweza kuelea juu juu. Jembamba hukandamiza mpaka chini. Fuata kibandiko, dada, au kitabu cha gari. Na utafute alama ya mlima wenye chembe ya theluji, ndiyo ya tairi lililopimwa kwa theluji, kwenye matairi yote manne, si mawili."

"Jumatatu je? Nimpeleke na haya?"

"Na haya huendi hata dukani."

Kesho yake Genoveva alimpakia Zdravka kwenye gari lake, pamoja na rimu za awali za kile kigari, wakaenda kwa fundi wa matairi. Walirudi na matairi ya 175/65 R14 yenye ile alama, wakayafunga. Metodi alipoitwa ayachukue yake, alikuja akiwa amenuna. Zdravka alimwonyesha madigadi. Metodi alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo. Akayabeba matairi yake moja moja, akaondoka.

Jumatatu theluji ilikuwa nzito. Zdravka aliendesha polepole. Kila kona usukani ulizunguka wote, na matairi hayakukwaruza. Ghafla, baada ya kona, lori la magogo lilikuwa limekwama, limeziba barabara nzima. Alikanyaga breki. Gari lilitetemeka, likapunguza mwendo, likasimama mbali kabisa na magogo.

Mama Kerana alikuwa amefumba macho tangu walipotoka nyumbani.

"Tumefika?" aliuliza.

"Bado, mama," Zdravka alijibu. "Tumesimama tu. Lori likivutwa tunaendelea."