Chaja Isiyokunywa Petroli

Jioni ile nilikwenda kuchukua ungo tu. Niliusahau katika jiko la marehemu mama mkwe wangu, Bonifasia, nyuma ya nyumba yetu pale Ukata. Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa mke kijana, ila ulimi ulikuwa huu huu.

Mume wangu Izidori alikuwa na gari kuukuu la kubebea kahawa. Betri ilikufa kila mara, na kuipeleka Liuli kuchajiwa ni safari ya kuvunja mgongo. Akataka chaja ya nyumbani. Ya injini aliikataa, alisema itakunywa petroli kuliko gari lenyewe. Ya upepo aliikataa pia, eti upepo wa Ukata hauna adabu, huja ukitaka.

Ndipo akatokea mgeni, alisema ametoka upande wa Lituhi. Alikuwa na masanduku meusi yenye mkono wa kuzungusha.

"Hizi hazitaki petroli wala upepo," alisema. "Ila lazima niwachagulie inayolingana na nyumba. Mmezika nani karibuni?"

"Mama yangu." Izidori alidhani anapewa pole.

"Pole sana. Alikuwa na nguvu?"

"Mama? Alitwanga mahindi kutwa nzima, na bado anaimba."

Mgeni akatabasamu. "Basi chukueni kubwa."

Tuliiweka katika jiko lile. Masharti yake: unganisha waya, funga mlango, usichungulie. Na kweli, kila asubuhi betri imejaa.

"Si ulisema nimetapeliwa, mke wangu?" Izidori alinicheka.

Nikaendelea kupepeta mahindi.

Sasa jioni hiyo ya ungo, nafika mlangoni, nikasikia...

Nyiii... nyiii... nyiii...

Mkono wa chaja ulikuwa unazunguka. Nikasukuma mlango. Giza. Harufu ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa leo. Na pumzi. Pumzi nzito ya mtu mzima anayefanya kazi.

Mazoea mabaya. Mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo."

Mlio ukakoma.

"Marahaba, mkamwana."

Sauti ile niliijua. Ilinisimanga miaka yote ya ndoa yangu.

"Mwambie mwanangu..." ilinong'ona. "Mikono inaniuma."

Nilipiga yowe. Izidori akaja na taa. Hapakuwa na mtu. Mkono wa chaja ulikuwa bado unayumba, umepakaa udongo mwekundu, na alama za vidole zinaonekana.

Nilipomwambia maneno yale, alizing'oa waya akilia kama mtoto. Kulipokucha alilibeba sanduku hadi ziwani, kule Liuli, akalizamisha. Gari likaoza uani, kuku wakataga ndani yake.

Mgeni hatukumwona tena.

Hadi Izidori alipokufa, uzeeni. Nimekaa matangani, giza linaingia, mtu akainama mbele yangu. Sura ile ile. Hakuzeeka hata kidogo.

"Pole, mama. Marehemu alikuwa na nguvu?"

"Nguvu gani?" nikamjibu. "Mvivu yule. Hata jembe lilimshinda."

Akaitazama mikono yangu. Akaitazama sana.

"Na wewe, mama?"

Nikaanza kuitetemesha.

Tangu siku hiyo natembea na mkongojo. Wajukuu wananichotea maji, wananifulia, halafu wananisengenya kwamba bibi anadeka. Waache waseme. Wakiwa wamelala ndipo ninapoinua mchi, kidogo tu, kuona kama bado naweza.

Naweza.

Kwa hiyo nimewaonya: siku mkinizika, asinisifu mtu.