Mawe Manne Chini ya Lori

Fundi Pantaleo hakuwa na mchezo na kazi yake. Gereji ya Velji, jirani na pale panapoitwa Kambarage siku hizi, ilikuwa na mafundi watatu, lakini lori likianza kukohoa waliitwa wote watatu na akasikilizwa mmoja. Alikuja Shinyanga kutoka Bukoba kabla ya vita. Vita vilipokwisha akamwita mdogo wake, Kalisti, akamfundisha udereva, na akamwapia mama yao kwamba atamrudisha nyumbani mzima. Babu yangu, aliyeishi naye ukuta kwa ukuta, husema kiapo kile ndicho kilichomponza.

Kalisti alikuwa anaendesha lori la Velji, akipeleka unga na mafuta kwenye migodi ya dhahabu huko Geita. Mvua za mwaka 1951 zilimkuta mbele ya Kagongwa, katikati ya mbuga ya tope jeusi. Ekseli ya nyuma ilikatika, lori likazama, na yeye na utingo wake Thobias wakakaa juu ya shehena siku sita wakila unga mbichi kwa maji ya mvua. Kalisti alirudi na homa, macho ya njano, mguu mmoja ukiburuta. Wiki tatu nzima Pantaleo alimlisha uji kwa kijiko kama mtoto mchanga, na kila jioni moyo ukimwambia huyu haamki kesho. Alipopona, kaka mtu alisema neno moja tu.

"Halinasi tena."

Akafanya hesabu zake za kifundi. Tairi zile nyembamba zilikuwa zinaikata mbuga kama kisu kwenye ugali. Alitaka tairi pana za jeshi, zinazokanyaga tope bila kulichimba, na ekseli nene za jeshi, mbele na nyuma. Na alijua zilipo. Nyuma ya kijiji kimoja upande wa Didia, kwenye kilima kidogo, palikuwa na lori la jeshi lililoachwa tangu vita. Miaka sita lilikuwa pale na hakuna aliyeng'oa hata nati. Nchi hii sufuria ikilala nje usiku mmoja haikutwi asubuhi, na lori zima likae miaka sita na vioo vyake! Hilo peke yake lingetosha kumwambia mtu arudi nyumbani.

Walikwenda mwezi wa kumi, yeye, Kalisti na Thobias. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali. Watu wa kijiji walipoona jeki ikishushwa waliacha walichokuwa wakifanya, wakaingia ndani, wakafunga milango. Hakuna aliyewauliza kitu, na hakuna aliyewakataza.

Lori lilikuwa limelala kwa tumbo, magurudumu yamezama hadi kwenye vikombe vya katikati yake. Pantaleo alipiga goti akachota udongo. Ulikuwa mwekundu, wa changarawe, mgumu kama tofali.

"Huu si udongo wa kuzamisha gari," alisema.

"Kaka, tumefuata ekseli au tumefuata udongo?" Kalisti akamtania.

Pantaleo akacheka, wakaanza kuchimba. Tairi zilitoka nzima, mpira hauna hata ufa. Waliinua chesisi kwa jeki, kona moja baada ya nyingine, wakachomoa ekseli zote mbili. Kazi ilipokwisha Thobias alitaka kuteremsha jeki ili lile gofu lianguke, maana nani alikuwa na haja nalo tena? Pantaleo alimkaripia. Yeye alifundwa na Singasinga mmoja mkali kwamba gari halilazwi kwa tumbo, liwe zima au bovu, kama vile maiti haitupwi. Aliviringisha mawe manne makubwa, akaweka moja kila kona, akalishusha lori juu yake taratibu. Chini ya lori pakabaki nafasi ya mtu kupita akitambaa.

Gereji walifanya kazi majuma mawili. Matundu ya ekseli hayakulingana na springi za lori la Velji, ikabidi wafue bolti mpya. Tairi pana zilikwaruza bodi, wakakata mabati ya juu ya magurudumu. Springi akaziongezea majani mawili ya chuma kila upande. Lilipotoka nje lilikuwa limesimama juu kama ng'ombe dume, na Velji mwenyewe alitoka dukani kulitazama, mikono nyuma.

"Zuri sana, fundi," alisema. "Lakini mbona limelala upande?"

Kweli, lilikuwa limelala kushoto, upande wa kiti cha abiria. Halikuwa na mzigo. Pantaleo alipima kwa kamba kutoka chini hadi kwenye chesisi, na kushoto palipungua vidole vinne. Alihamisha springi za kushoto zikaja kulia. Likalala kushoto. Akabadilisha tairi. Likalala kushoto. Akamwambia Kalisti apande akae kwenye usukani, walau upande wa kulia ushuke kidogo.

Kalisti alipanda. Kulia kulishuka kidole kimoja, na kushoto nako kukashuka kidole kimoja, kama mtu anayesogea kumpisha mwenzake.

Pantaleo aliona, wala hakusema. Aibu ya fundi ni ugonjwa. Angemwambiaje Velji kwamba ameshindwa kulinyoosha lori, na mvua zimeshaanza, na watu wa migodini wanasubiri unga? Alijisemea kwamba chuma cha jeshi ni kizito, kitajipanga chenyewe kikipata mzigo.

Kalisti aliondoka asubuhi ya pili yake, saa kumi na mbili. Thobias alikataa kukaa mbele, akapanda juu ya magunia na manyunyu yakimpiga.

"Kiti kimelowa," alisema. "Nimekifuta mara tatu. Kinalowa tena."

Saa tatu Mama Bernadina alileta uji gerejini. Huyu alikuwa mjane wa makamo ya mama yake Pantaleo, mzaliwa wa upande ule wa Didia, na mafundi wote walimwita mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Lile lori limetoka na tairi kubwa. Mmezipata wapi?"

Pantaleo alimwambia. Yule mama akaweka kata ndani ya ndoo. Alitazama nyuma yake, halafu akasogea hadi pumzi yake ikamfikia sikioni.

"Mlilishushaje?"

"Kwenye mawe, mama. Sawasawa."

"Mngeliacha lianguke," alinong'ona. "Mwanangu, mngeliacha tu lianguke."

Akamweleza kwa maneno machache, bila kutaja jina la mtu. Palikuwa na mlozi pale kijijini. Watu aliowaua walionekana alfajiri wakilima mashamba yake. Alipokufa alizikwa, na asubuhi kaburi likakutwa wazi. Akazikwa tena, wakapanga mawe juu. Wazi. Mara ya tatu wanaume walikokota kwa ng'ombe lori bovu lililoachwa na jeshi, wakalisimamisha juu ya kaburi, wakachimba chini ya magurudumu hadi likalala kwa tumbo. Tangu siku ile walilala usingizi.

"Nenda ukalidondoshe," alisema. "Usiseme neno. Usichungulie. Na ufanye upesi, maana shimo lile halikai tupu."

Pantaleo alielewa kwamba lori likilala, yule mlozi atarudishwa shimoni mwake. Ndivyo mtu mwenye hofu anavyoelewa. Alifunga jeki na nyundo kwenye baiskeli, akaikanyaga hadi Didia bila kupumzika, mvua ikimchapa mgongoni, akimwomba Mungu amrudishie Kalisti hata akiwa kiwete.

Alifika saa nane kasoro. Milango ya kijiji ilikuwa imefungwa.

Lori lilikuwa palepale, juu ya mawe yake manne. Alikatazwa kuchungulia. Akachungulia. Chini ya lori, kwenye udongo mkavu, palikuwa na shimo la urefu wa mtu, limelaliwa kama kitanda. Palikuwa na mahali pa kichwa. Palikuwa na mahali pa visigino.

Palikuwa patupu.

Aligonga jiwe la kwanza. Likatoka. La pili. Lori likainama. La tatu alilipiga mara nyingi, machozi na mvua havitofautiani usoni. La nne hakuligusa. Lilitoka lenyewe.

Lori lilianguka. Ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zake. Kisha kimya. Hata mvua aliisikia kwa mbali.

"Kaka."

Ilitoka chini ya lori.

"Kaka Pantaleo. Ni mimi. Niinue."

Alikuwa ameisikia sauti ile tangu ilipokuwa inajifunza kusema. Hakufikiri. Aliisukuma jeki chini ya chesisi, akaanza kuzungusha. Mara moja. Mara mbili. Chuma kikalia.

"Niinue, kaka. Ni zito."

Mara tatu. Halafu sauti ileile, bila kubadilika, bila kuvuta pumzi, ikaendelea kwa Kisukuma. Kisukuma cha ndani, cha wazee wa zamani. Kalisti alijua salamu na bei za sokoni tu. Sauti ilizungumza polepole, kwa furaha, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni nyumbani.

Pantaleo akaacha kuzungusha. Alingoja isikike tena ile ya Kiswahili, ile ya Kalisti. Ikasikika. "Kaka." Kisha kile Kisukuma. Kisha "Kaka." Mdomo mmoja. Aliiteremsha jeki, akaiacha, akakimbia, na baiskeli hakuikumbuka.

Thobias alirudi siku ya tatu kwa miguu. Mbele ya gereji nzima akasimulia akiwa amesimama. Walikuwa mbele ya Kagongwa, katikati ya mbuga, na lori lilikuwa linakanyaga tope kama barabara ya lami. Halikunasa hata mara moja. Kalisti alikuwa akiimba. Mnamo saa nane alisimamisha ili Thobias ashuke apime maji kwa mti. Thobias alipima, akageuka kusema njia ni nzuri. Injini ilikuwa inanguruma. Milango ilikuwa imefungwa. Ndani hapakuwa na mtu. Tope pande zote lilikuwa laini, halijakanyagwa, isipokuwa na miguu yake mwenyewe.

Walikwenda kulileta lori. Pantaleo alipima kwa kamba, maana hakujua afanye nini kingine kwa mikono yake. Kulia na kushoto palikuwa sawa kabisa.

Velji aliliuza. Pantaleo aliandika barua kwa mama yake mara nyingi, na zote alizichana. Bukoba hakurudi. Angesimama wapi, na aseme nini? Wanaume wenzake walimshauri alinyanyue lile lori la kaburini aone. Wazee wa Didia wakatuma watu kumwapisha asithubutu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na babu anasema hata pole hakuitaka.

Lakini kila mwaka, siku ileile, alikwenda Didia kulitazama. Mwaka wa kwanza alikuta bolti moja juu ya boneti. Ilikuwa mojawapo ya zile kumi zinazofunga bodi kwenye chesisi, zile zinazokazwa kwa juu lakini huchomolewa mtu akiwa chini tu. Ilikuwa imesuguliwa kutu yote na kupakwa grisi mpya. Mwaka wa pili zilikuwa mbili, zimelazwa sambamba.

Mwaka wa hamsini na tisa babu yangu alimsindikiza. Anasema zilikuwa nane kwenye boneti, na Pantaleo alipiga magoti na spana mkononi mbele ya mbili zilizobaki kuishika bodi. Alikaa hivyo mpaka jua likahama. Kama aliye chini ni Kalisti, ilimpasa azilegeze. Kama ni yule mwingine, ilimpasa azikaze. Babu alimsikia akiita jina la mdogo wake, kwa upole, akisikiliza, kisha akiita tena.

Hatimaye aliinuka, akafuta spana kwenye suruali, wakaondoka. Hakuzikaza wala hakuzilegeza.