Zumari la Twaiba na Kiapo cha Papai

Jumatatu, tarehe kumi na sita, mwezi wa Juni, mwaka wa 2025, Kahaso alirudi kutoka shuleni, akachota maji, akafua sare yake, kisha akaenda barazani kwa kina Twaiba. Ndivyo alivyofanya kila siku. Mama yake Twaiba aliwaruhusu kutumia simu yake hadi magharibi, na watoto wanne wa darasa moja, Twaiba, Kahaso, Mulwa na Tsuma, walicheza kwa zamu. Katika mchezo wao, mashujaa walishuka katika mahandaki ya ngome iliyolaaniwa, chumba baada ya chumba, wakipigana na mazimwi.

Shujaa wa Twaiba ndiye aliyekuwa na silaha bora kuliko zote: zumari la uchawi. Lilipopulizwa, mazimwi yaliziba masikio na kuanguka. Twaiba alikuwa amelihangaikia tangu Ramadhani.

Siku hiyo Twaiba alikuwa ametumwa dukani. Mulwa aliichomeka simu kwenye chaji, akaenda kufunga mbuzi wa kwao. Kahaso alipobaki peke yake, alilihamisha zumari kwa shujaa wake, akashuka hadi chumba cha mwisho. Alitaka tu kuwa wa kwanza kufika huko.

Zimwi la chumba kile halikuwa na masikio. Lilimmeza shujaa pamoja na zumari, na kwenye kioo yakatokea maandishi kwamba kilichopotea humo hakirudi. Ili asijulikane, Kahaso aliunda shujaa mwingine wa jina lile lile, akairudisha simu kwenye chaji, akaondoka.

Kesho yake Twaiba alikuta zumari halipo, akalia.

"Nani aliishika simu?"

"Mulwa," alijibu Tsuma. "Nilimwona."

"Niliichomeka tu," Mulwa alisema. "Sikucheza."

Tsuma, aliyependa mzaha, alileta vipande vya papai juu ya jani. Kila mtoto wa pale alikuwa amesikia habari za kiapo cha papai, kwamba mwongo akilila huvimba midomo.

"Kuleni," alisema kwa sauti nzito ya mganga. "Tutamjua kwa mdomo wake."

"Kwetu hatuli viapo," Mulwa alisema. "Mama amenikataza."

"Jamani, huyu anaogopa papai kuliko zimwi."

Walicheka. Kahaso alikula. Papai lilikuwa tamu. Alingoja midomo ivimbe, hata akatamani ivimbe, lakini haikuvimba.

"Kahaso ni safi," Twaiba alisema.

Tangu siku hiyo Mulwa aliitwa mwizi wa zumari. Baadaye waliacha kutaja zumari, likabaki neno mwizi. Kuku wa jirani alipopotea, watu waliuliza kwanza kwa kina Mulwa. Mulwa aliacha kuja shuleni. Kahaso alisikia kwamba Mzee Muange, babake Mulwa, ameamua kumpeleka Makueni kwa babu yake, mbali na aibu. Chakula kilimshinda Kahaso. Aliona kwamba hakuna njia iliyobaki ambayo haikuwa na maumivu.

Alikwenda kwa kina Mulwa, akamkuta Syovata, mama yake Mulwa, akikunja nguo za mwanawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Zumari nililichukua mimi."

Syovata aliendelea kukunja shati lile lile.

"Na papai ukalila?"

"Nililila."

"Ungemwacha mwanangu aende?"

"Niliogopa, mama."

Syovata alimshika mkono, wakaenda hadi barazani, na Kahaso akayasema yote mbele ya wenzake na mama yake Twaiba. Tsuma aliinamisha kichwa. Twaiba aliingia ndani. Jioni ile Mzee Muange aliambiwa, na safari ikavunjwa.

Mulwa alirudi shuleni, lakini alikaa dawati la peke yake. Kahaso alipomwomba radhi, Mulwa alisema, "Nimesikia," akageuka.

Syovata alimwambia Kahaso, "Mwanangu, zumari halitarudi, na sijui kama Mulwa atacheka tena nanyi. Lakini yuko nyumbani, kwa sababu umesema. Papai halina macho ya kumjua mwongo. Wewe ulijijua, ukanyamaza, na uongo wako ukamla asiye na hatia. Ukikosa tena, sema siku ile ile, kabla mwenzako hajabebeshwa kosa lako."

Nawe uliyesoma hadithi hii, msomee mdogo wako leo, na asiyejua kusoma umsimulie.