Moshi Ndani ya Sanduku la Mbung'o

Pupa wote walikuwa wamekufa. Inspekta Ngoné Sène aliwamimina kiganjani, wakavu kama mtama. Walikuwa madume wa mbung'o, bado ndani ya maganda yao, waliofanywa tasa kwa mionzi kule Bobo-Dioulasso, wakapandishwa ndege hadi Dakar, wakaletwa kwa gari hadi kituo hiki cha utafiti ili waachiwe vichakani Niayes, wapande majike bure mpaka kizazi kiishe. Njia nzima hukaa kwenye ubaridi. Wakipata joto, kwisha habari yao.

"Nani aliligusa sanduku?"

"Wawili tu," alijibu Daktari Mbengue, mkuu wa kituo. "Dereva aliyelitoa uwanja wa ndege na mlinzi aliyelipokea. Lakiri haikuvunjwa. Labda waliharibikia ndegeni."

Ngoné alilipindua sanduku. Sehemu ya chini ilikuwa imenywea kwa joto, tena ilinuka moshi. Haukuwa wa mkaa wala wa kuni. Yeye alikulia zizini, na moshi wa samadi, ambao wafugaji huwasha kufukuzia nzi, aliujua kabla ya kujua kusoma. Ndegeni hakuna anayechoma samadi.

Alianza na mlinzi, mzee Badji, Mdiola.

"Mla wali wewe, ulisinzia zamu sanduku likaungua?"

"Afadhali mimi nasinzia nimeshiba. Nani alikupa cheo, mtumwa wangu?" Badji alicheka. "Lilifika linanuka. Nikadhani kapakia na samaki wa moshi."

Waserer, watu wa kabila la Ngoné, ni watani wa Wadiola, na wa Wafulani vilevile, na mtani hanuniwi hata msibani. Kwa hiyo alipoingia dereva, Yoro Ka, Mfulani, Ngoné alimwanza vivyo hivyo.

"Mnywa maziwa, hilo shati umeazimwa na ng'ombe wako?"

Yoro alivuta kiti, akaketi.

"Nasema nawe, mtumwa wangu."

"Uliza unachotaka kuuliza, inspekta."

Ngoné aliweka kalamu chini. Mfulani asiyemjibu Mserer ama ni mgonjwa, ama ana jambo limemkaba moyoni. Huyu alikuwa mzima wa afya.

"Ulisimama wapi njiani?"

"Sikusimama."

"Kwenu ni wapi?"

"Kando ya barabara. Kila mtu anapajua."

"Mama anafukiza zizi kwa samadi?"

Yoro alilitazama sanduku mezani. "Mama usimtaje."

"Basi sema wewe. Au niende nikanuse mwenyewe?"

"Ni mimi." Kidevu kilipanda. "Nililiweka juu ya majivu ya moto, nikakaa nalo mpaka nikaona imetosha. Wala sijutii."

"Mbung'o anaua ng'ombe, Yoro."

"Anaua ng'ombe wao. Hawa wetu wadogo wamezaliwa naye, wameshamzoea. Unadhani kwa nini kile kichaka bado kipo? Matajiri wa Dakar wanakimezea mate, waweke ng'ombe wao wa Ulaya. Mbung'o ndiye askari wetu pekee, na hali rushwa. Akiisha yeye, utaona seng'enge mpaka mlangoni kwa mama."

"Wiki ijayo linakuja sanduku jingine."

"Najua. Daktari alituitia mkutano, akatufundisha nzi anavyozaa. Hakuna aliyeuliza sisi tutalisha wapi. Leo umeniuliza wewe. Andika, nitie sahihi, mkasome mahakamani kwa sauti."

Ngoné aliandika maelezo ya onyo neno kwa neno, bila kupunguza ukali hata kidogo. Ilimuuma. Baba yake naye aliuza ng'ombe wa mwisho malisho yao yalipozungushiwa seng'enge, na hakuna askari aliyekuja kuandika lolote. Lakini kosa ni kosa, na sanduku lilibaki mezani kuwa kielelezo.

Alitoa pingu. Yoro alinyoosha mikono kabla ya kuambiwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akatabasamu.

"Funga vizuri, mtumwa wangu. Nyinyi Waserer hata ndama hamjui kumfunga."